Taa ya Tanki Inaposema Uongo: Uchambuzi wa Mashine ya Kukausha Nguo

Kisangani hakuna mwezi usio na mvua. Nguo zilizoanikwa asubuhi huweza kulala mbichi, na hata zikikauka nje zinataka pasi ya moto, kuua mayai ya yule inzi ambaye funza wake hupenya ngozi ya mtu. Mwenye uwezo hununua mashine ya kukausha. Akipata ya mtumba kutoka Ulaya, huenda ikawa ile isiyo na bomba la kutoa mvuke nje: maji ya nguo hukusanywa ndani ya mashine yenyewe.

Siku moja mashine husimama, taa ya «tanki limejaa» inawaka, na mwenyewe akivuta tanki analikuta tupu. Fundi mwenye haraka husema pampu imekufa. Hukumu hiyo ni ghali hapa. Mzigo ulioshukia Matadi ukishafika Kinshasa hupanda mto yapata kilomita 1,700 kabla ya kufika Kisangani, na pampu iliyoagizwa bure hairudishwi.

Tuanze na njia ya maji. Hewa ya moto huzunguka kwenye pipa la nguo na kubeba mvuke. Ikipita kwenye kondensa, ambayo upande wa pili hupozwa na hewa ya chumbani, mvuke hugeuka matone, kama jasho la chupa iliyotoka kwenye friji. Matone huteremka kwenye kibeseni kilicho chini ya mashine, na pampu ndogo huyapandisha hadi kwenye tanki lililo juu. Katika mashine nyingi taa ile haisomi tanki hata kidogo. Tanki likijaa, maji ya ziada hurudi kibesenini, boya lililomo humo huinuka na kubonyeza swichi, ndipo taa huwaka. Kwa hiyo taa inasema jambo moja tu: kibeseni kina maji mengi. Kwa nini yamekuwa mengi, hilo ni la kutafutwa.

Kipimo cha kwanza ni mizani. Kilo 5 za pamba (uzito mkavu) zilizokamuliwa na mashine ya kufulia kwa mizunguko 1,000 kwa dakika hubaki na takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa maji, yaani lita 3. Pima nguo kabla na baada ya kukausha, kisha pima maji ya tanki. Kila kilo iliyopungua ni lita moja iliyotoka, na mashine isiyo na hitilafu mara nyingi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya maji hayo. Lita 2.5 zikiwa tankini, hakuna ugonjwa wa kutoa maji.

Nguo zikiwa kavu, tanki lina kidogo na kuta za chumba zinatoa jasho, mvuke umetoroka. Kagua mpira wa mlango, uone kama kondensa imekaa sawasawa na haijazibwa na nyuzi, kisha fungua dirisha. Kondensa hupozwa na hewa ya chumba, na chumba kilichofungwa kwenye joto la Kisangani hakiwezi kuipoza.

Sakafu ikilowa, tazama kama tanki limesukumwa hadi mwisho, mipira ya maji imebanwa, na mashine imesimama sawa kwenye pimamaji. Ikiinama, maji hayafiki kwenye pampu.

Taa ikiwaka na tanki ni tupu, chomoa waya wa umeme, toa kondensa kama inatoka, na umulike kibeseni kwa tochi. Mara nyingi utakuta tope la nyuzi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, maji husimama, nyuzi hutuama, na hushika boya au mdomo wa pampu. Safisha, mimina nusu lita ya maji safi, rudisha vifuniko, kisha washa. Pampu ikinguruma bila maji kufika tankini, kagua mpira wa kupandishia na kichujio kilicho kwenye mdomo wa tanki. Kikiziba, maji hurudi yalikotoka. Pampu ikiwa kimya, pima kama umeme unaifikia. Umeme upo na koili ya pampu imekatika? Hapo ndipo pampu inaagizwa.

Nguo zikibaki mbichi, tanki lina kidogo na taa haiwaki, acha pampu, pima umeme. Mashine ya volti 220 ikipata 180, kipasha joto hutoa theluthi mbili tu ya nguvu yake. Maji hayajatoka kwenye nguo, basi pampu itasukuma nini?

Aliyeunganisha mpira wa kumwaga maji moja kwa moja kwenye sinki ahakikishe ncha yake haizami majini, la sivyo maji machafu yanaweza kunyonywa kurudi ndani.

Mizani, tochi, pimamaji, nusu lita ya maji na mita ya umeme: vifaa hivyo vitano vinatosha kutenganisha hitilafu hizi zote. Fundi akikuambia ununue pampu, mwombe kwanza akuonyeshe maji yamekwamia wapi.