Jiwe Halipaswi Kuelea

Kuna mtindo wa maonyesho unaopendwa siku hizi: mfano mdogo wa nyumba, gari au sayari unaelea juu ya kisanduku cheusi, hauna kamba wala mguu. Sumaku ndiyo inayoubeba. Watu husimama, hupitisha kiganja chini yake kuhakikisha hakuna waya, kisha hupiga picha. Swali langu ni moja tu: wamepiga picha ya mfano, au ya ujanja?

Ninauliza kwa sababu huku Migori na Homa Bay tuna vitu vya kuonyesha, na nimesikia watu wakisema tuviweke hewani "ndio vijana waje". Sawa. Hebu tuvipime kimoja kimoja.

Tuanze na Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zinakadiriwa kujengwa karne ya 16, na pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Hakuna saruji. Kuna uso wa mawe wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa. Uzito ndio saruji yenyewe.

Ukitazama haraka, ohinga na mfano unaoelea ni ndugu: vyote vimesimama bila gundi. Lakini ukuta umesimama kwa sababu kila jiwe limewagusa majirani zake. Mfano unaelea kwa sababu haugusi chochote. Ule ni ujirani, huu ni upweke. Mtoto akiona Thimlich ikielea kama povu la sabuni, atakuwa ameonyeshwa kila kitu isipokuwa lile jambo moja linaloifanya iwe Thimlich. Afadhali apewe karai la kokoto na aambiwe: jenga, usitumie matope, tuone utafika wapi.

Halafu kuna kile kisanduku. Mwaka 1842 Samuel Earnshaw alionyesha kwamba sumaku za kudumu zilizotulia haziwezi peke yake kukishika kitu hewani kikatulia. Ndiyo maana ndani ya kisanduku kuna kihisi na koili za umeme, zinazorekebisha mvuto mara nyingi sana kila sekunde. Kile kinachoonekana kimejikalia tu, chini yake kuna mtu wa mkono asiyepumzika. Stima ikipotea, na huku twajua inavyopotea, kinaanguka pwaa! Kuta za Thimlich hazijawahi kuulizia stima.

Sisemi sumaku ni takataka. Kisiwani Rusinga, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa mamilioni ya miaka iliyopita. Nakala nyepesi ya fuvu hilo ikizunguka polepole hewani ingeonyesha taya, tundu za macho na upande wa chini, ambao ukiiweka juu ya meza hufichika. Hapo ujanja unamtumikia mtazamaji. Hapo ningelipa kiingilio.

Kigumu kiko palepale Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya. Jengo lake lina umbo la risasi, kumbukumbu ya ile iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ni mfano uliokuzwa badala ya kupunguzwa: kitu cha kutosha kiganjani kimekuwa nyumba unayoingia ukiinamisha kichwa. Limekaa chini, zito, na linauma. Risasi inayoelea ingekuwa risasi ambayo haijafika, na hiyo ni kumdanganya aliyefiwa.

Je, ndege ya 1959, iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa juhudi za Mboya? Hapa nilikaribia kushawishika. Ndege ni ya hewani. Si ndiyo kazi yake? Lakini kwani ile iliruka yenyewe? Nauli ilichangishwa. Kule Marekani, Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuomba michango. Huku, wazazi na majirani walitoa walichonacho. Ukiifuta mikono hiyo, unabaki na muujiza, na muujiza haumfundishi kijana wa Mbita namna ya kumsomesha mwenzake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la bei rahisi. Itundikeni ndege hiyo kwa uzi wa nyavu, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi ufuoni. Uzi mmoja hautoshi. Fungeni 81, na msiufiche hata mmoja. Upepo wa ziwa ukiingia dirishani ndege itayumba kidogo, na mtazamaji ataona kilichoibeba.