Mzigo wa Siyu Baada ya Vita: Utendi wa Mwana Kupona Usomwe Tena

Uhakiki wa Utendi wa Mwana Kupona umekuwa na mazoea ya kuufungia utungo huo chumbani. Tangu Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 kwa anwani ya Kiingereza iliyouita nasaha juu ya wajibu wa mke, wasomaji wengi wameuliza swali moja tu: je, mzigo aliotwishwa binti ni wa haki? Makala haya yanashikilia kuwa kuna swali jingine lililostahili kutangulia, nalo ni mzigo huo ulitoka wapi.

Ulitoka Siyu. Mume wa mtunzi, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa mji huo wa kisiwa cha Pate, mji wa mafundi wa ngozi na wanakili wa Msahafu, uliokataa kumtii Seyyid Said wa Unguja. Mwaka 1845 jeshi la Sultani lilishindwa huko, na amiri wake, Hamad bin Ahmed, akauawa. Utendi ulitungwa mwaka 1858, Bwana Mataka akiwa ameshafariki. Mwaka 1863 Siyu ikasalimu amri kwa Seyyid Majid. Kwa hiyo beti 102 alizotungiwa Mwana Hashima ni zao la kituo kifupi baina ya ushindi na kushindwa. Ajabu ni kwamba vita hivyo havisimuliwi.

Kimya hicho si upungufu wa utungo. Katika mji uliotoka vitani, dhima ya jamii haitoweki silaha zinapowekwa chini, bali hubadilisha wabebaji. Wanaume wa Siyu walimnyima Sultani utii; utii huohuo ndio anaodaiwa binti nyumbani, tena kwa msamiati wa baraza na utawala: radhi, idhini, adabu, heshima mbele za watu. Radhi ya mume inapangwa safu moja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama, na Siku ya Kiyama mume ndiye anayeulizwa mkewe apelekwe wapi. Uzito wa namna hii ni wa dola, si wa jiko. Haidaiwi hapa kwamba mtunzi alikusudia fumbo la kisiasa. Linalodaiwa ni kuwa lugha ya mamlaka, iliyokuwa ikitetewa kwa silaha ukutani mwa mji, ilipata makao mapya ndani ya nyumba.

Ann Biersteker (1991) alipendekeza usomaji unaotambua kejeli katika utiifu huo, na wapo waliomwona amezidisha. Hata hivyo, rai yake inapata nguvu pale mtunzi anapoagiza mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Mtoto ndiye abebwaye. Mjane wa mtawala aliyemshinda Sultani anamfundisha bintiye kumlea mwanamume kama kitoto kichanga, na hivyo aliyedhaniwa kuwa mtwishaji anageuka kuwa mzigo wenyewe. Hapana haja ya kuuita uasi. Yatosha kuona kwamba mtunzi alijua nani alikuwa akimbeba nani.

Lakini wanaoutetea utendi na wanaoushutumu hukutana penye kasoro moja. Mtunzi anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Onyo hilo aghalabu hutajwa kwa haraka kama alama ya tabaka, kisha mjadala hurejea kwa mke, kana kwamba watumwa ni samani za nyumba. Ilhali hapo ndipo penye mzigo usio wa sitiari: mitungi ya maji, kuni, mavuno ya shambani. Mke anaahidiwa Pepo kwa ajili ya ustahimilivu wake, anapewa hirizi na kidani cha mawaidha, anaombewa dua. Mtumwa katika utendi huu haahidiwi chochote, wala haulizwi radhi yake na mtu yeyote. Uhakiki wa kijinsia unaokomea kwa mke huwa umepima nusu ya mzigo, tena nusu yenye malipo. Onyo kuhusu watumwa lingefundishwa pamoja na ule mfano wa mtoto asiyejua kusema, kwa kuwa yote mawili yanahusu nyumba moja na kazi zilezile za kila siku.