Mbwa Juu ya Makuti

Kwa miaka mingi, nikifundisha Kiingereza, niliwapa wanafunzi kisa hiki bila haya: Waingereza husema mvua inanyesha paka na mbwa kwa sababu zamani nyumba zao ziliezekwa kwa nyasi, wanyama wakalala juu ya paa kutafuta joto, na mvua ikishuka, paa linateleza, wanaporomoka. Darasa lilicheka, nami nikajiona fundi. Siku moja nikamsimulia bibi yangu, aliyezaliwa na kuzeekea chini ya makuti. Akaniuliza, "Na huyo mbwa alipandishwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nikagundua kuwa kisa chenyewe kilienezwa na barua pepe ya mzaha ya mwaka 1999.

Tangu hapo nawahusudu watunga kamusi, wasiokubali kisa bila ushahidi. James Murray, aliyeshika uhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1879, alifanyia kazi kwenye kibanda cha mabati uani kwake. Watu wa kujitolea walisoma vitabu, na walipokuta neno la kufaa wakanakili sentensi yake kwenye kikaratasi, pamoja na jina la mwandishi na mwaka. Vikaratasi vilifika mamilioni. Barua zilikuwa nyingi hata posta ikamwekea sanduku mbele ya nyumba. Alifariki 1915, kamusi ikakamilika 1928.

Utamu wa kazi hii ni ule mwaka pembeni. Mwaka 1651 mshairi Henry Vaughan tayari anataja mvua ya mbwa na paka. Mwaka 1653 inachapishwa tamthilia ya Richard Brome, na humo inanyesha mbwa na vicheche. Vicheche! Ukishamwona kicheche, paa la nyasi linabomoka lenyewe. Mwaka 1738 Jonathan Swift anaupachika msemo huo kwenye kitabu cha kudhihaki soga za wakubwa, maana yake ulikuwa umeshachosha masikio. (Sisi tuna mvua ya mawe, na mawe yenyewe unayaokota.)

Kwa nini wanyama hao hasa? Hapo fundi mwaminifu huweka kalamu chini, na hilo ndilo linalonishinda kuiga.

Siku hizi naandika ubaoni miaka hiyo mitatu tu. Hakuna anayecheka. Juzi mmoja aliuliza kicheche ananuka vipi, kipindi kikaishia hapo.