Injini, Mota na "Waya wa Kawaida": Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Maelekezo ya Ufundi

Tafsiri ya maelekezo ya ufundi haihukumiwi kwa ufasaha wake tu, bali pia kwa kazi itakayofanywa na mkono wa msomaji aliyeifuata. Msomaji wa hadithi akikutana na neno lenye utata aweza kulipita akaendelea. Fundi aliyeshika waya hawezi. Kwa kipimo hicho tungependa kuichunguza tafsiri moja fupi iliyotufikia kutoka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Mfasiri hatumtaji, kwani nia yetu ni kuzipima istilahi wala si kumwaibisha mtu.

Maelekezo yenyewe yahusu kichwa cha treni ya mfano, ile ndogo iendeshwayo juu ya reli za mezani. Mwalimu mmoja wa fizikia alikipata kwa zawadi, akakusudia kuwafundishia wanafunzi wake habari za umeme na mawasiliano ya kidijitali. Jambo hilo si mchezo katika wilaya ile. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, hupita Seke. Na mwaka 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilometa 341. Vijana wa huko wanayo haki ya kuielewa mitambo ya namna hii kwa lugha yao.

Kwanza yafaa ieleweke kifaa kinachozungumzwa. Katika mfumo wa zamani, mwendo wa treni ya mfano hutegemea volti zilizomo relini. Ukiziongeza, vichwa vyote vilivyo juu ya reli hiyo huongeza mwendo kwa pamoja. Katika mfumo wa kidijitali, ambao chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano, NMRA, kiliusanifisha katika miaka ya 1990 kwa msingi wa kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, reli hubeba umeme na amri pamoja. Kila kichwa hupewa anwani yake, na ndani yake hufungwa kifaa kinachozisoma amri hizo, kikazitii zile tu zilizotumwa kwa anwani hiyo, kisha kikaendesha mota na kuwasha taa.

Kifaa hicho mfasiri amekiita king'amuzi. Neno hili lilienea sana nchini tangu tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia. Hatuna ugomvi nalo, maana kung'amua ni kutambua jambo lililofichika. Hata hivyo twaona kisimbuzi lafaa zaidi, kwa kuwa lina ukoo: msimbo, kusimba, kusimbua, kisimbuzi. Atumiaye king'amuzi, siku atakapotakiwa kukitaja kifaa kinachotunga amri badala ya kuzifumbua, hatapata neno la shina hilo. Lakini huo ni udhaifu mdogo, haukuunguza chochote.

Kosa lililounguza limo katika sentensi hii: "Tenga injini na reli kabla ya kuunganisha nyaya." Mwalimu aliitii barabara. Alikiinua kichwa kutoka relini, akakiweka mezani, akaunganisha nyaya, kisha akakirudisha relini na kuwasha umeme. Kisimbuzi kikatoa moshi na kufa papo hapo.

Tuyachambue maneno mawili ya sentensi hiyo. La kwanza ni injini. Katika stesheni zetu, injini ni kichwa kizima cha treni. Maelekezo ya asili yalikusudia mota, yaani kile kifaa kidogo ndani ya kichwa kinachozungusha magurudumu. La pili ni tenga. Kutenga ni kuweka kando, na ndivyo mwalimu alivyofanya. Kilichotakiwa ni kuhami: kuzuia umeme usipite. Katika vichwa vingi vya zamani ncha moja ya mota hugusana na chasisi, na chasisi hupata umeme wa reli kupitia magurudumu. Mguso huo ukiachwa, umeme wa reli huingia katika kisimbuzi kwa njia ya kutokea, nacho huungua. Sisi tungeandika hivi: "Hami ncha zote mbili za mota zisigusane na chasisi wala magurudumu. Pima kwa mita. Umeme usipite kati ya ncha yoyote ya mota na gurudumu lolote. Ndipo uunganishe nyaya." Sentensi ni ndefu zaidi, lakini ingekiokoa kifaa.

Kosa jingine limo katika sehemu ya taa. Mfasiri amesema kwamba waya wa buluu ni "waya wa kawaida". Neno la Kiingereza "common" lina maana ya kitu cha kawaida, na pia maana ya kitu cha ushirika. Hapa imechukuliwa maana isiyohusika. Waya wa buluu ndio upande chanya unaotumiwa na taa zote, wakati mweupe ni wa taa ya mbele na wa njano ni wa taa ya nyuma. Twapendekeza waya wa pamoja. Msomaji aliyeambiwa kuwa ni wa kawaida aweza kudhani kwamba waya wowote utafaa mahali pake.

Haki yataka tuseme na mazuri. Anwani na ngazi za mwendo ni istilahi nyepesi zinazoeleweka mara moja. Tena mfasiri amebakiza rezista, jina walilolizoea mafundi wa redio, na akasisitiza kwamba taa za diodi zisifungwe bila hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa fizikia angepaswa kulitambua kosa mwenyewe, au kwamba angesoma Kiingereza yakaisha. Hatukubaliani nao. Tafsiri imtakayo msomaji ajue kwanza yale iliyokuja kumfundisha haijamsaidia. Na kumrudisha kwenye Kiingereza ni kukiri kwamba tumeshindwa kazi yetu.

Kwa hiyo twawaomba wafasiri na maofisa wanaotoa miongozo ya ufundi wafuate utaratibu mmoja: kabla tafsiri haijatolewa, apewe fundi asiyeijua lugha ya asili, aifuate neno kwa neno mbele ya mfasiri. Pale mkono wake utakaposita, au utakapokwenda pasipokusudiwa, istilahi hiyo irudishwe mezani.