Je, Mali ya Binafsi Imo Katika Damu ya Mtu? Kuvikosoa Vitabu vya Robert Ardrey

Katika madarasa ya siasa liko swali ambalo wanafunzi hawaachi kuliuliza, na mara nyingi anayeuliza ni yule aliyesoma zaidi. Husema hivi: Ndugu Mkufunzi, binadamu si mbinafsi kwa maumbile yake? Sayansi si imekwisha kuthibitisha kwamba tumetokana na wanyama wawindaji, wenye kugombea ardhi na kuuana? Na kama ndivyo, basi Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikupambana na mabepari tu, lilipambana na damu ya mtu. Swali hili halistahili kujibiwa kwa wimbo wala kwa makofi. Lazima tuchunguze limetoka wapi.

Kwa sehemu kubwa limetoka vitabuni. Miongoni mwa walioieneza fikra hiyo kwa wasomaji wa kawaida ni Robert Ardrey, Mmarekani wa Chicago, mtunzi wa michezo ya kuigiza na filamu za Hollywood. Mwaka 1961 alitoa African Genesis, na mwaka 1966 The Territorial Imperative. Kitabu cha kwanza kinadai kwamba zamadamu wa Afrika alikuwa muuaji mwenye silaha, na kwamba silaha ndiyo iliyomzaa mtu. Cha pili kinakwenda mbele zaidi: kwa kuwa ndege na wanyama wengi hulinda maeneo yao, basi umiliki wa ardhi na mapenzi ya taifa ni silika tuliyorithi kwao. Ardrey hakuficha shabaha yake. Tangu kwenye jalada alieleza kwamba anatafuta chimbuko la kinyama la mali na mataifa.

Tumtendee haki. Ardrey anaandika kwa ufundi, na wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wamelipuuza bara letu, yeye alisisitiza kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika. Hiyo ndiyo sababu msomaji wetu humwamini upesi. Lakini ukweli mmoja haubebi madai yote yaliyofungwa pamoja nao.

Msingi wake ulikuwa kazi ya Raymond Dart, profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1925 Dart alitangaza fuvu la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini, akalipa jina la Australopithecus africanus. Wakubwa wa sayansi wa Uingereza walimbeza kwa miaka kama ishirini, na hatimaye ikadhihirika kwamba haki ilikuwa yake. Baadaye alichunguza mifupa mingi ya swala na wanyama wengine kutoka pango la Makapansgat. Aliona kwamba vipande vya aina fulani ni vingi na vya aina nyingine ni haba, akahukumu kwamba zamadamu ndiye aliyevichagua: mfupa wa mguu wa swala ukawa rungu, taya likawa msumeno, pembe ikawa kisu. Mwaka 1953 aliandika kwamba mtu alizaliwa na nyani aliyegeuka mwindaji mkatili. Ardrey alimtembelea mwaka 1955, na yaliyofuata yalikuwa kazi ya kalamu ya mtunzi wa michezo.

Aliyeubomoa msingi huo hakuwa mhubiri wa amani, bali mtafiti mvumilivu, C. K. Brain. Katika miaka ya 1960 alikwenda kwenye vijiji vya wafugaji wa mbuzi kando ya mto Kuiseb, Namibia, akaokota mifupa iliyotupwa baada ya watu kula na mbwa kuguguna. Alipoihesabu, aliona kwamba vipande vilivyobaki na vilivyopotea vilifuata utaratibu uleule wa Makapansgat. Mfupa mgumu hubaki, mfupa laini huliwa. Hapakuhitajika zamadamu wa kuchagua silaha, meno yalitosha. Tena, katika pango la Swartkrans palikuwa na fuvu la zamadamu kijana lenye matundu mawili, na nafasi kati ya matundu hayo ililingana na chonge za taya la chini la chui. Jina la kitabu chake cha mwaka 1981 lenyewe ni swali: je, walikuwa wawindaji au waliwindwa? Mwaka 1995 wataalamu Lee Berger na Ron Clarke wakatoa hoja kwamba hata mtoto wa Taung aliuawa na ndege mkubwa jamii ya tai. Yule muuaji wa Ardrey alikuwa kitoweo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Makada wengi hupenda kumjibu Ardrey kwa kumwita kibaraka wa mabeberu, kisha wakafunga daftari. Kumbandika mtu jina si kumkosoa. Hoja yake ilianguka kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekubali kuhesabu mifupa ya mbuzi.

Kitabu cha pili ni dhaifu zaidi, ingawa kinapendwa zaidi. Ndege anayelinda kichaka chake hakipangishi. Hawaajiri ndege wengine wamtafutie wadudu kwa ujira, akabaki na ziada. Hana karani, hana mahakama, hana polisi. Mali ya kibepari si kulinda ninachokitumia. Ni uhusiano kati ya mtu na mtu, ambamo mmoja anashika njia kuu za uchumi na mwingine hana budi kumwuzia nguvu zake. Uhusiano huo una tarehe za kuanza katika historia, na kila nchi ina zake. Marx aliiona hila hii mapema: katika barua yake kwa Engels ya mwaka 1862 alishangaa jinsi Darwin alivyoikuta jamii ya Kiingereza, pamoja na ushindani na masoko yake, miongoni mwa wanyama na mimea. Ardrey anairudisha safari hiyohiyo kinyumenyume. Kwanza anawavika wanyama hati za kumiliki ardhi, kisha anatuambia tumezirithi kwao.

Msomaji makini atauliza juu ya Gombe. Ni kweli: kati ya mwaka 1974 na 1978 watafiti wa Jane Goodall walishuhudia kundi moja la sokwe likiwaua sokwe wa kundi jirani mmoja baada ya mwingine. Hatuwezi kulificha jambo hilo kwa kuwa halitupendezi. Lakini kusini ya mto Kongo wanaishi bonobo, walio karibu nasi kwa damu sawasawa na sokwe, na kwao majike ndio wenye sauti na vita vya namna hiyo havijaonekana. Anayetaka kusoma katiba ya binadamu ndani ya msitu itambidi kwanza aseme ni msitu upi.

Au tuwatazame watu. Kwa Wahadzabe wa ziwa Eyasi, ambao James Woodburn alianza kuishi nao na kuwachunguza mwaka 1958, mnyama mkubwa akiuawa nyama hugawanywa kambini, na mwindaji hawezi kuigeuza kuwa utajiri wake. Wahadzabe si mabaki ya zamani. Ni raia wa leo wenye historia ndefu kama ya mwingine yeyote. Mwaka 2011 baadhi yao katika bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi, hati ya pamoja, baada ya wakulima na wafugaji kuzidi kuingia katika maeneo yao. Mpaka huo haukutoka katika silika. Ulitokana na kubanwa, ukaandikwa ofisini.

Je, basi tuikatae nadharia ya mageuko ya viumbe? Hata kidogo. Mtu ana maumbile, na mwenendo wake una mizizi ya kale: mtoto huzaliwa akiwa hajiwezi, na bila mapenzi ya walezi kizazi kingekwisha. Tunachodai ni kwamba anayesema jambo fulani limeletwa na mageuko aonyeshe njia lilivyopita. Anthony Allison alifanya hivyo mwaka 1954, alipoonyesha katika Afrika Mashariki kwamba mwenye urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kiasi na malaria kali. Ndiyo maana urithi huo ni mwingi penye malaria na ni adimu kwenye nyanda za juu. Mwaka 1958 Frank Livingstone akaongeza jambo linalotuhusu sana: katika Afrika Magharibi, kilimo kilipofyeka misitu kilitengeneza mazalio ya mbu, na selimundu ikaenea nyuma ya jembe.

Maziwa ni mfano bora zaidi. Watu wazima wengi duniani hawayeyushi vizuri sukari iliyomo ndani yake. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba uwezo wa wafugaji wetu kunywa maziwa hadi utu uzima ulizuka peke yake, mbali na ule wa Ulaya, katika miaka elfu saba hivi iliyopita. Ng'ombe alitangulia, tumbo likafuata. Uzalishaji mali uliigusa damu yenyewe! Engels aliandika mwaka 1876 juu ya nafasi ya kazi katika kumfanya nyani kuwa mtu. Hakujua jeni, lakini mwelekeo wake ulikuwa sahihi kuliko wa Ardrey.

Upande wetu nao una madeni. Wako wakufunzi wanaomjibu Ardrey kwa nyuki na mchwa, wakisema maumbile yenyewe ni ya Kijamaa. Hilo ni kosa lilelile lililogeuzwa nguo. Mzinga una malkia mmoja anayezaa na maelfu ya watumishi wake. Sijui ni kijiji gani kingetaka katiba hiyo. Baya zaidi lilitokea Urusi, ambako Agosti 1948 Trofim Lysenko, kwa idhini ya Stalin, aliifanya elimu ya jeni kuwa uzushi wa kibepari. Nikolai Vavilov, mkusanyaji mkubwa wa mbegu za dunia, alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Chama hakiwezi kupiga kura juu ya mbegu.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Jibu la damu linawapendeza mabepari, lakini linawafaa pia baadhi ya viongozi, kwa maana likikubaliwa hakuna anayedaiwa hesabu. Anayetaka kujua kwa nini mashamba mengi ya pamoja ya miaka ya 1970 yalizaa kidogo apelekwe kwenye daftari la kijiji. Aulize ni nani aliyeamua kilimwe nini, ni nani aliyeandika siku za kazi na kama aliziandika kwa haki, mazao yalinunuliwa kwa bei gani na fedha zililipwa lini, ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulikula kiasi gani, na wananchi walihamishwa katika msimu upi.