Haiba ya Fonti na Taswira ya Kiswahili Nchini Uganda: Uhakiki kutoka Barabara ya Nasser

Tangu Poffenberger na Franken (1923) walipochunguza ni herufi zipi zinazofaa kutangazia bidhaa zipi, tafiti za haiba ya fonti zimefuata utaratibu unaofanana: msomaji huoneshwa maumbo ya herufi, naye huyapa sifa za kibinadamu. Brumberger (2003) alionesha kwamba wasomaji wake wa Marekani walikubaliana kwa kiasi kikubwa katika kugawa sifa hizo. Matokeo hayo hatuyapingi. Tunachokihoji ni tafsiri yake, kwamba haiba imo ndani ya umbo lenyewe.

Barabara ya Nasser jijini Kampala inatoa ushahidi mwingine. Wachapaji waliosongamana pale hutoa kadi za harusi, vitabu vya risiti, na yale mabango ya kisiasa aliyoyakusanya Titeca (2023). Fonti nene inayotisha juu ya picha ya mpiganaji hualika ikiwa juu ya tangazo la mkutano wa injili. Barabara hiyohiyo ina sifa mbaya ya vyeti vya kughushi. Mghushi, tukiweka maadili kando, anaijua haiba ya fonti kuliko wengi wetu: anaelewa kwamba karani huitambua sura ya cheti kabla ya kukisoma. Times New Roman haikuzaliwa na uzito wa serikali. Ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, kisha ikaenea maofisini kwa njia ya kompyuta. Uzito wake imeupata kwa mihuri iliyogongwa chini yake.

Kwa Kiswahili, suala hili si la urembo. Nchini Uganda kilibebwa na jeshi tangu enzi za King's African Rifles. Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Na kumbukumbu ya amri bado haijawatoka wengi, hasa Buganda. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Mengi yatachapwa, lakini mjadala wa sera umekomea kwenye msamiati na walimu. Luganda hulazimika kuchagua fonti kwa uangalifu kwa sababu ya herufi ŋ, ambayo fonti nyingi hazina. Kiswahili, kwa ng' yake, huingia katika fonti yoyote bila kubisha hodi, na urahisi huo umetulevya. Tangazo lililojaa herufi kubwa, nene, linaweza kumfikia msomaji wa Kampala kama sauti ya askari kizuizini, hata kama linamwita kwenye chanjo.

Dai hili linapimika. Ichukuliwe aya moja katika fonti tatu, kwa Kiswahili na Luganda jijini Kampala, kwa Kiswahili na Kiacholi mjini Gulu. Fonti ileile ikionekana kali katika Kiswahili na pole katika Luganda, nadharia ya umbo itakuwa imeshindwa. Jaribio hilo linapaswa kutangulia zabuni za vitabu vya kiada.