Wembamba wa Piano Hulipwa Wapi

Milimita 232. Hicho ndicho kina cha kasha la PX-S1000, piano ya kidijitali ambayo Casio waliitoa mwaka 2019: vibonye 88 vyenye uzito wa nyundo, kilo 11.2, chombo ambacho mtu mmoja anakitia begani na kupanda nacho daladala, kondakta akikubali. Uepesi wenyewe haukuwa jambo geni. Yamaha P-45 ilikuwa na kilo 11.5 tangu 2015. Kilichowashangaza watu ni wembamba, kwa sababu P-45 ina kina cha milimita 295, na hakuna aliyeiona kuwa nene.

Zile sentimita sita na ushee zimepunguzwa wapi? Si kwenye sauti, maana sauti hukaa ndani ya chipu ambayo haijali ukubwa wa kasha. Kinachokula nafasi ni mitambo ya vibonye. Ukibonyeza kibonye cha piano ya kidijitali, ndani yake unainua kipande kizito kinachoitwa nyundo, ingawa hakina waya wa kugonga. Vihisi hupima muda ambao kibonye kimechukua kutoka nukta moja hadi nyingine, na kutokana na kasi hiyo programu huamua sauti itoke kali au laini. Kibonye chenyewe ni wenzo kama ule wa darasa la sayansi, wenye egemeo upande wa nyuma, mahali usipopaona. Ukitaka kasha jembamba, huna budi kulisogeza egemeo mbele.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kibonye ambacho egemeo lake liko sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele, na kingine ambacho lake liko sentimita 20. Ukibonyeza ukingoni, huenda usione tofauti. Sasa ingiza kidole ndani, sentimita 13 kutoka ukingoni, katikati ya vibonye vyeusi. Kwenye kibonye cha kwanza umebakiwa na mkono wa sentimita 12, hivyo unahitaji nguvu mara mbili hivi ya ile ya ukingoni. Kwenye cha pili umebakiwa na sentimita 7, na nguvu inakaribia mara tatu. Ni kama kusukuma mlango karibu na bawaba. Zaidi ya hapo, kibonye hicho cha pili kikiwa kinazama milimita 10 ukingoni, kitazama milimita 3.5 tu pale ndani, na katika kanafasi hako kadogo kidole kinatakiwa kitofautishe sauti ya kunong'ona na ya kupaza.

Dukani hili halionekani, kwa sababu karibu kila mteja hupiga C kubwa na vidole vyake vinabaki mbele. Anayepiga jazi au nyimbo za kanisani hukaa sana kwenye funguo zenye bemoli nyingi, na huko kidole gumba hulazimika kuingia ndani kati ya vyeusi. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza ni E bemoli ndogo, polepole, kwa sauti ya chini kabisa, mkono ukiwa karibu na paneli. Noti ikikosa kutoka, au ikatoka kwa kishindo bila wewe kutaka, umeshajua wembamba umelipiwa wapi.

Roland FP-30X ya mwaka 2021 ilikwenda njia nyingine. Kina chake ni milimita 284 na uzito kilo 14.8. Zile kilo 3.6 za ziada zinahisiwa na mgongo kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, lakini vidole vinapumua zaidi pale ndani. Kwa mtoto anayejifunza nyumbani, na piano haihami, singesita: ningechukua Roland. Kwa bendi inayohama kila wikendi ningeichukua Casio na kuuzoesha mkono.

Jukwaani kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: matundu ya nyuma. FP-30 ya awali haikuwa na tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mikisa, ila la hedifoni tu. Ukichomeka waya kwenye hedifoni, spika za piano zinazimika, na mpigaji anabaki akimtegemea fundi mitambo amrudishie sauti yake. FP-30X ilirekebisha hilo kwa kuwekewa matundu mawili, kulia na kushoto. PX-S1000 ilikuwa nayo tangu mwanzo. Lakini kumbi nyingi huchukua waya mmoja tu, yaani mono. Sauti ya piano iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili ikikunjwa kuwa moja, baadhi ya mawimbi hukutana yakipingana na kumezana, na eneo la katikati ya kibodi husikika jembamba, kama piano imewekwa ndani ya bomba. Chomeka waya kwenye tundu la kushoto peke yake, lile lililoandikwa MONO, upige hapo katikati kabla hujalipa. Na waya ukiwa mrefu, usisahau kiboksi cha DI, la sivyo mngurumo wa umeme utaimba nanyi.

Kuhusu umeme, Casio inameza betri sita za AA na inapiga kwa saa chache. Kwenye harusi ya uwanjani, jenereta ikizima, mpiga piano huyo anaendelea. FP-30X haina betri. Hata hivyo Casio imeweka vitufe vya kugusa juu ya paneli nyeusi inayong'aa, visivyoonekana mpaka viwashwe taa, na juani taa hizo hazisaidii sana. Paneli hiyo pia hukusanya alama za vidole kwa bidii ya kushangaza.

Nyumbani, spika za Roland, wati 11 kila moja, zinaelekea chini. Kwenye stendi ni sawa, ila juu ya meza sauti inafifia. Za Casio, wati 8, hutolea sauti nyuma, kwa hiyo ukuta ulio karibu huzisaidia.

Imebaki pedali. Zote mbili huja na kipedali cha kuwasha na kuzima tu, chepesi, kinachoteleza kwenye vigae. Roland hukubali pedali ya DP-10, ambayo inasoma hata mguu ulioshuka nusu, na inaingia mfukoni mwa begi. PX-S1000 inakupa uwezo huo kupitia SP-34, ubao wa pedali tatu unaonunuliwa pembeni, mzigo mwingine juu ya ule ulioukimbia.